Pesa ya harusi huisha na harusi: jibu kwa mpiga picha wa Katuba

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Yaya, huu ni mwaka wangu wa tatu nafanya kazi ya picha peke yangu, sina studio. Mwezi wa nane nilipiga harusi moja kule Ruashi, bei dola 500, wakanipa 150. Picha zote nimeshawapa, mpaka leo ni kesho, kesho. Tena kuna kampuni moja inayohudumia migodi. Niliwapigia wafanyakazi na mashine kwa siku mbili, fakture (ankara) ya dola 1,200, mwezi wa nne sasa hawajalipa, na aliyeniita hapokei tena simu yangu. Nifanye nini? Na nitapangaje fakture zangu ili nisirudi tena hapa? Naogopa nikiwasukuma sana watanikataa, kazi iende kwa wengine."

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijiona mimi mwenyewe wa zamani. Nitajibu kwa urefu, maana kwa mambo haya nimeona wapiga picha wazuri kabisa wakiuza kamera zao, na kazi walikuwa nayo.

Kwanza tuyatenganishe madeni yako. Familia ya Ruashi ilikuwa na pesa, sasa haina. Kampuni pesa inayo, ila ndani ya ofisi zake hakuna karatasi inayomruhusu mtu kukutolea hiyo pesa. Ukiwafuata wote wawili kwa njia moja, kwa simu za kila asubuhi na kwa kulalamika, utachoka bure kwa wote wawili.

Angalia harusi ya hapa kwetu inavyopata pesa. Komite inakaa kila Jumapili, ndugu na marafiki wanaandikisha ahadi, mweka hazina anakusanya. Makuta, yaani pesa, yanaingia kadogo kadogo mpaka wiki ya mwisho, halafu yanatoka yote kwa siku tatu: sali (ukumbi), vyakula, vinywaji, mavazi, muziki, magari. Jumatatu komite imevunjika. Daftari la ahadi lina majina ya watu ambao hawatatoa tena kitu, kwa sababu sherehe wameshaila. Wanaobaki ni bwana na bibi harusi, na mara nyingi wao wenyewe wana deni la mwenye sali. Wewe uliyekuja na fakture mwezi wa tisa unamdai mtu ambaye hakuwahi kuishika pesa ile. Aliyeishika ni mweka hazina, na kazi yake ilikwisha Jumamosi usiku.

Kwa hiyo, kwa harusi, hesabu yote ya malipo inapaswa kufungwa kabla ya siku yenyewe. Mimi nachukua nusu ya bei siku ile ile ya kuandika tarehe. Bila hiyo nusu, tarehe haiko kwangu, na yeyote mwingine akija na nusu yake naichukua kazi yake. Hilo nalisema mapema na kwa upole, tena mbele ya mtu wa komite, si bwana harusi peke yake. Nusu ya pili inafika Alhamisi kabla ya harusi, kutoka kwa mweka hazina. Nimechagua Alhamisi kwa sababu Ijumaa kila mtu anamlilia mweka hazina yule yule, na mpiga picha ndiye anayesahaulika wa kwanza: mpishi asipolipwa watu watalala njaa, lakini wewe wanajua utakuja tu.

Wakikuomba sana, unaweza kuacha sehemu ndogo kwa baadaye, tuseme moja ya tano, lakini iambatane na kitu ambacho bado kiko mikononi mwako, yaani albamu iliyochapwa au faili kubwa. Baada ya harusi wape picha ndogo zenye jina lako katikati, wachague, wafurahie, wawaonyeshe shangazi zao. Faili safi zinatoka siku salio linapoingia. Si roho mbaya. Fundi cherehani naye anabaki na nguo mpaka umalizie, na hakuna anayemkasirikia.

Mimi hilo nililijifunza kwa dola 400. Katika mwaka wangu wa nne nilipiga harusi ya dola 600, nikapokea 200, na Jumatatu nikapeleka picha zote kwenye kifimbo cha USB kwa sababu bibi harusi aliniomba vizuri. Mwezi uliofuata walihamia Kolwezi. Fakture ile bado ninayo kwenye sanduku.

Sasa, familia yako ya Ruashi. Picha umeshatoa, dhamana huna, kwa hiyo zungumza na mtu mwenye uzito. Tafuta aliyekuwa rais wa komite, au mzazi aliyekaribisha wageni, uende mwenyewe siku ya Jumapili mchana, si kwa simu. Usianze na hasira. Mwambie: kazi ilikuwa dola 500, niliyopokea ni 150, zimebaki 350, naomba tuzigawe mara tatu au nne. Andikeni tarehe kwenye karatasi, kila mmoja aweke sahihi, na kila malipo ukiyapokea toa risiti siku hiyo hiyo, hata kama ni dola 20. Mtu akishika risiti ya kwanza anaona deni linapungua, anapata moyo wa kuendelea. Kama albamu hukuichapa, usiichape mpaka wamalize. Na tafadhali, usiwaweke kwenye status ya WhatsApp wala Facebook na maneno ya aibu. Najua wenzetu wanaofanya hivyo. Kwa deni la dola 350 wanapoteza harusi kumi za ukoo mzima.

Tuje kwenye kampuni, ambako ndiko utapata pesa kubwa na ndiko watu wengi hawaelewi kinachotokea. Aliyekuita ni mtu wa mawasiliano, au injinia anayetaka picha za ripoti yake. Huyo halipi. Labda hata hajui fakture inapita wapi ikishatoka mezani kwake. Anayelipa ni idara ya fedha, na idara ya fedha haikujui wewe. Inajua bon de komande, yaani karatasi ya kampuni ya kuagiza kazi. Fakture isiyo na namba ya bon inawekwa pembeni, na mhasibu anayeiweka pembeni hafanyi uovu wowote: yeye naye atakaguliwa. Ndiyo maana simu zako hazipokelewi. Yule rafiki aliyekuita alikupa kazi kwa mdomo, sasa anaona haya.

Kwa hiyo swali la kwanza, kampuni inapokuita, linakuja kabla ya kuzungumzia kamera. Uliza hivi hivi kwa Kiswahili chetu: "Nani njo analipaka bafakture kwenu, na anaomba makaratasi gani?" Watakutumia orodha. Kwa kawaida watataka proforma kwanza (karatasi ya bei kabla ya kazi), halafu namba yako ya kodi, RCCM (namba ya rejista ya biashara), kitambulisho cha taifa cha biashara, na karatasi ya benki inayoonyesha namba ya akaunti. Hapo vijana wengi wanakwama, kwa sababu hawajajiandikisha popote. Tangu 2012 nchi yetu, Kongo, imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria yake inamtambua mtu mdogo anayejifanyia kazi peke yake, wanamwita entreprenant. Huyo anajitangaza tu kwenye rejista ya biashara, hana mzigo wa kampuni kubwa. Nenda kwenye Guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, uulize habari hiyo ya entreprenant. Ukiwa na namba zako, mlango wa kampuni unafunguka kweli.

Proforma ni bei unayopendekeza. Fakture ni deni. Usizipe mfululizo mmoja wa namba, maana proforma nyingi zinakufa na zitakuachia mashimo kwenye hesabu. Fakture zangu zinaenda hivi: 2025/001, 2025/002, mpaka Desemba, kisha naanza upya. Ndani ya mwaka namba hairudi nyuma, hairuki. Na jina la juu liandikwe kama lilivyo kwenye bon, herufi kwa herufi. Mimi kampuni moja ilinikalia miezi minne kwa sababu bon ilikuwa na jina langu la kitambulisho na fakture ilikuwa na jina la studio. Hakuna aliyeniambia. Siku nilipokwenda mwenyewe kuuliza, mhasibu alinionyesha kwa kidole, nikabadilisha mstari mmoja, nikalipwa wiki iliyofuata.

Ndani ya fakture eleza kazi kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataelewa: siku mbili za kupiga picha, mahali, tarehe, idadi ya picha zilizosafishwa, usafiri. Siku ya mafunzo ya usalama kabla ya kuingia mgodini pia ni kazi. Umeamka saa kumi usiku, umevaa buti na kofia yao, umekaa saa tano unasikiliza, kamera imefungwa. Hiyo iandike kama nusu siku. Kama kazi iko Fungurume au Kolwezi, usafiri na malazi yalipwe kabla hujaondoka. Kilomita 300 za kwenda Kolwezi usizilipie wewe ukisubiri miezi mitatu kurudishiwa. Mwenye fedha nyingi hapaswi kukopeshwa na mwenye fedha kidogo.

Tarehe ya kulipa iandike kama tarehe. "Siku 30" kila mtu anaihesabu kwa namna yake: wewe kuanzia siku ya kazi, wao kuanzia siku fakture ilipopigwa muhuri. Andika "kabla ya tarehe 15 Novemba", basi. Ongeza mstari mmoja unaosema haki ya kutumia picha inahamia kwa mteja siku malipo yote yanapokamilika. Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ya 1986, picha nazo zinalindwa, na mstari huo unakupa neno la kusema ukiona picha yako kwenye bango lao wakati fakture yako bado iko kwenye droo.

TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani, usiiandike kama hujaandikishwa kuitoza. Ni asilimia 16, na nimeona vijana wakiiongeza ili fakture ionekane ya kikubwa. Anayeiandika anadaiwa yeye mwenyewe na Serikali.

Kwa deni lako la dola 1,200, fanya hivi. Chapa fakture mara mbili, nenda nazo kwenye mapokezi ya kampuni, acha moja, na ya pili wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe. Hiyo nakala yenye muhuri itunze kama kitambulisho chako. Halafu mwandikie aliyekuita, kwa meseji au barua pepe, bila lawama, umwombe mambo mawili tu: karatasi inayothibitisha kwamba kazi ilifanyika, na namba ya bon hata kama itatengenezwa sasa. Kampuni nyingi zinaweza kutengeneza bon baada ya kazi; ni usumbufu kwao, lakini inawezekana, na mara nyingi yeye mwenyewe anatafuta njia ya kutoka kwenye aibu hiyo. Mpe hiyo njia. Kisha kila wiki, siku moja ile ile, pitia idara ya fedha. Mimi nilikuwa nakwenda Jumanne saa nne. Baada ya wiki tatu walinzi walikuwa wananiita kwa jina.

Ikifika mwisho wa mwaka, kumbuka kwamba hesabu za kampuni za OHADA zinafungwa tarehe 31 Desemba. Fakture inayofika tarehe 20 inakuta watu wamechoka na bajeti imekwisha. Vivyo hivyo Juni, wakati wa Mining Week, mkutano mkubwa wa migodi, kila kampuni inamwita mpiga picha na kila moja inasema haraka, haraka. Piga kazi hizo, lakini fakture iwe imefika ofisini ndani ya siku tatu, wakati bado wanakumbuka sura yako.

Na wakigoma kabisa? Kuna barua rasmi ya kudai, inayotaja fakture, tarehe, na muda wa mwisho, kwa mfano siku 8. Baada ya hapo OHADA ina njia ya mahakama inayoitwa injonction de payer (amri ya kulipa), iliyo fupi kuliko kesi ya kawaida, na hapa Lubumbashi tunayo mahakama ya biashara. Inataka deni liwe la uhakika, kiasi chake kijulikane, tarehe yake iwe imepita, na liwe limetokana na makubaliano. Tazama vitu hivyo vinne: vyote vinatoka kwenye karatasi nilizokutajia. Bila bon, bila muhuri, wakili atakusikitikia tu. Kwa dola 1,200 pima kwanza gharama zake; mara nyingi barua yenye kichwa cha wakili inatosha, haifiki mbali zaidi.

Sasa sarafu, maana hapa kwetu inakula watu kimya kimya. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Katikati ya 2024 ilikuwa karibu 2,800. Mtu aliyeandika fakture ya franka 600,000, akifikiri ni dola 300, akalipwa baada ya kiwango kupanda, alipokea karibu dola 214 kwa kazi ile ile. Halafu mwishoni mwa 2025 mambo yakageuka, franka ikapata nguvu kwa ghafla, na walioweka akiba ya dola ili walipe kodi ya nyumba kwa franka wakaona zimepungua. Kwa hiyo andika bei kwa dola, na chini yake: ukilipa kwa franka, ni kwa kiwango cha siku ya malipo. Taja pia kiwango cha nani, cha Benki Kuu au cha wabadilishaji wa barabarani, kwa sababu mteja atachagua kinachompendeza. Na noti za dola zigeuze huku na huku mbele yake. Yenye mpasuko hata wa kucha, sokoni watakurudishia, na hasara ni yako.

Malipo ya simu ni mazuri, lakini tafuta namba ya kazi peke yake, isiwe ile ambayo mama na wadogo zako wanatumiana. M-Pesa ina mfuko wa dola na mfuko wa franka, hivyo mwambie mteja atume katika upi. Mwambie atume na za kutolea, vinginevyo salio lako litapungua dola chache kila mara, na dola chache mara arobaini kwa mwaka ni lenzi. Usikubali picha ya skrini kama malipo. Angalia salio lako mwenyewe ndipo utoe faili. Kutengeneza meseji ya uongo ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu daftari, sitakutafutia programu. Daftari la shule linatosha, au jedwali kwenye simu kama unalipenda: namba ya fakture, mteja, kiasi, tarehe ya kulipa, kilichoingia na siku kilipoingia, kilichobaki. Jumamosi asubuhi kabla ya harusi, wakati betri zinachaji kama umeme upo, lifungue, usome safu ya mwisho tu. Nusu saa. Jambo moja tu nasisitiza hapo: avansi (malipo ya awali) ya harusi ya Agosti uliyopokea Mei bado si pesa yako. Iweke kando mpaka siku ya kazi, maana bwana harusi akivunja uchumba utatakiwa kurudisha sehemu yake, au utafika Agosti huna hata mafuta ya jenereta. Nimeona mtu akilipia harusi ya leo kwa avansi ya harusi ya kesho, mwaka mzima, mpaka ikaja wiki moja isiyo na avansi.

Umesema unaogopa kukataliwa. Ninaielewa hofu hiyo, Lubumbashi ni mji mkubwa lakini habari zinazunguka kutoka mtaa wa Kamalondo mpaka mtaa wa Kenya kwa siku moja. Basi nikwambie nilichokiona. Wateja walionikimbia ni wale niliowanyamazia miezi mitatu kisha nikawalipukia. Waliopata ujumbe mfupi siku tano kabla ya tarehe, kila mara, kwa maneno yale yale, walirudi. Bei ya ndugu nayo usiifiche. Andika bei kamili, halafu mstari wa punguzo, ili shemeji ajue amepewa nini na asiwatangazie wengine kwamba wewe ni wa dola 200.

Ujumbe ninaoutuma mimi ni huu, uchukue kama ulivyo: "Habari za siku nyingi, Mama. Nakukumbusha fakture 2025/014, dola 250, tarehe yetu ni Ijumaa tarehe 12. Picha zako ziko tayari, nimezisafisha zote. Ukishatuma niambie, nikuandalie risiti." Watumie familia ya Ruashi kitu kama hicho baada ya kukaa nao Jumapili, si kabla. Kwa kampuni, anza na muhuri.